Mizani Isiyopima Kilicho Chini: Historia ya Shamba la Majani la Rothamsted

Ikiwa uko pamoja na wenzako katika kikundi, mmoja wenu awasomee wengine kwa sauti. Leo tutasoma habari za shamba moja la majani lililoko Uingereza. Huenda utauliza, majani ya huko yanatuhusu nini sisi? Fuata habari hizi mpaka mwisho, utaona.

Shamba hilo huitwa Park Grass. Liko Rothamsted, karibu na mji wa Harpenden, kaskazini ya London, na ukubwa wake ni ekari 7 hivi. Mwenyewe alikuwa John Bennet Lawes, tajiri mwenye kiwanda cha mbolea. Mwaka 1843 alimwajiri mwanakemia Joseph Henry Gilbert, wakafanya kazi pamoja kwa zaidi ya miaka 50.

Mwaka 1856 waliligawa shamba hilo vipande vipande. Hawakulilima wala hawakupanda mbegu, maana lilikuwa malisho ya siku nyingi. Kipande kimoja hawakukitia kitu, kingine walikitia samadi, na vingine mbolea za chumvi chumvi za namna mbalimbali. Kila mwaka majani yalikatwa, yakakaushwa, yakapimwa kwa mizani. Swali lao lilikuwa moja tu: ni mbolea gani itakayoongeza chakula cha mifugo?

Jibu lilikuja upesi. Palipotiwa naitrojeni pamoja na fosforasi na potasiamu, majani yaliongezeka sana. Lakini haikupita hata miaka 3, wakaona jambo jingine. Vipande havikufanana tena. Mgeni angedhani kila kimoja kilipandwa mbegu zake. Palipotiwa fosforasi na potasiamu bila naitrojeni, mimea ya jamii ya kunde ilistawi. Palipotiwa naitrojeni nyingi, majani machache marefu yaliifunika mimea mifupi, ikakosa jua, ikafa. Kipande kisichotiwa kitu kimebaki na aina zaidi ya 35 za mimea, lakini vingine vimebakiwa na aina mbili au tatu tu.

Sasa tutazame chini ya majani. Mbolea moja iliyotumika ni salfeti ya amonia, ambayo wakulima wetu pia wanaijua. Ikiingia ardhini, vijidudu vya udongo huigeuza, na katika kugeuzwa huko udongo huchachuka. Mwaka mmoja hauonyeshi kitu. Lakini ukiitia mwaka baada ya mwaka bila chokaa, uchachu huo hupanda mpaka nyungunyungu hawawezi kuishi.

Usimdharau nyungunyungu. Charles Darwin, katika kitabu alichokitoa mwaka 1881, alikadiria kwamba katika ekari moja nyungunyungu hupitisha matumboni mwao zaidi ya tani 10 za udongo kila mwaka. Wao huyavuta majani makavu chini, hufungua njia za maji na hewa, na huwasaidia vijidudu kuozesha takataka. Katika vipande vilivyochachuka hawakuwapo. Basi majani yaliyokufa hayakuoza vizuri, yakalala juu ya ardhi kama mkeka mnene. Mizani ilipima majani yaliyokatwa, wala haikupima uhai uliopotea chini yake.

Je, yaliyoharibika yaliweza kutengenezwa? Mwaka 1903 walianza kutia chokaa katika sehemu za vipande ili kupunguza uchachu. Na kuanzia miaka ya 1989 na 1990, katika sehemu nyingine, waliacha kutia naitrojeni. Aina za mimea zikaanza kuongezeka tena, lakini polepole.

Kuna na jambo la hewa. Moshi wa viwanda na magari, na mvuke utokao katika samadi, huchukua naitrojeni hewani, nayo hushuka na mvua hata katika shamba ambalo mwenyewe hakulitia mbolea. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba naitrojeni hiyo ilipopungua katika Uingereza, mimea ya jamii ya kunde ilizidi hapo Park Grass.

Tukio hili halikufundishi kuichukia mbolea. Linakufundisha kwamba malisho yana hesabu mbili. Ya kwanza ni uzito wa majani, nayo huonekana mwaka ule ule. Ya pili ni wingi wa aina za mimea na uhai wa udongo, nayo huonekana baada ya miaka mingi, pengine umekwisha kuwaachia watoto wako shamba. Mkulima mwenye busara huziangalia zote mbili.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Kwa nini mimea mifupi ilikufa palipotiwa naitrojeni nyingi?

2. Nyungunyungu wana kazi gani katika udongo?

3. Chimbeni kwa jembe mahali pawili katika malisho yenu. Hesabuni nyungunyungu na aina za mimea. Je, pamefanana? Kama hapana, ni kwa sababu gani?