John McLendon na Fomu ya Kuajiri Kocha

Mwezi uliopita niliketi katika jopo la kumtafuta kocha wa timu ya mpira wa kikapu ya chuo kimoja hapa nchini. Fomu tuliyopewa ilikuwa na mambo mawili makubwa: mwombaji amewahi kuchezea timu gani, na ametwaa vikombe vingapi. Nilijaza alama kama nilivyoelekezwa. Tangu siku ile, hata hivyo, nimekuwa nikimfikiria John McLendon, ambaye katika sehemu ile ya kwanza asingekuwa na la kuandika, kwa kuwa chuo chake kilimnyima jezi ya timu kwa sababu ya rangi yake.

Vijana wetu wengi wanaufahamu mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani kupitia Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyeuchezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika orodha ya wachezaji wapya wa NBA. Jina la McLendon hawalijui. Si ajabu, maana hata kwao Wamarekani lilichelewa kujulikana.

Alizaliwa mwaka 1915 huko Hiawatha, Kansas, na mwaka 1933 akajiunga na Chuo Kikuu cha Kansas. Mwenyewe alisimulia kwamba baba yake alimwagiza amtafute Dkt. James Naismith, amwambie kuwa ndiye mshauri wake wa masomo. Naismith ndiye aliyeubuni mchezo huu Desemba 1891 mjini Springfield, Massachusetts, na sasa alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka 70. Alimpokea kijana yule. Niseme hapa kwa kupita kwamba Naismith, akiwa kocha wa Kansas, alishinda mechi 55 na kupoteza 60. Jopo letu lingemrudisha nyumbani kabla ya saa nne asubuhi.

Kutoka kwa mzee huyo McLendon alijifunza jambo ambalo sisi wa Afrika Mashariki tumelihifadhi katika lugha bila kulitafakari: kwetu kocha huitwa mwalimu. Chuo kilimzuia kucheza lakini hakikumzuia kusoma, naye akausoma mchezo kama mwingine anavyosoma sheria au tiba. Bwawa la kuogelea lilipotolewa maji kwa sababu yeye mweusi ameogelea humo, hakuacha kudai haki hiyo mpaka bwawa likawa la wanafunzi wote.

Mwaka 1937 alikwenda Durham, North Carolina, katika chuo cha Wamarekani weusi. Huko aliukuza mtindo wake: kukimbia bila kupumzika, kumkaba mpinzani uwanja mzima, na kuushambulia mpira popote ulipo badala ya kuusubiri karibu na kikapu. Leo tunauona mtindo huo kila mahali na hatuulizi ulitoka wapi. Ulidai mapafu na nidhamu, basi mazoezi yake yakawa ya mbio kwanza, mpira baadaye.

Nakuja sasa kwenye asubuhi ya Jumapili tarehe 12 Machi 1944. Timu ya wanafunzi weupe wa shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Duke, iliyosifiwa kuwa miongoni mwa timu bora za jimbo, iliingia kwa siri katika ukumbi wa chuo cha McLendon. Sheria na desturi za ubaguzi ziliharamisha mechi ya namna hiyo. Watu walikuwa kanisani, milango ilifungwa, hapakuwa na watazamaji ndani. Weusi walishinda kwa 88 dhidi ya 44. Kisha jambo lililonigusa zaidi ya ushindi wenyewe likatokea: vijana walichanganyika wakaunda timu mbili mpya, upande mmoja ukavaa fulana na mwingine ukacheza vifua wazi, wakarudia mchezo.

Wanafunzi wangu wenye moyo wa uanaharakati huniuliza: haki inayotendwa milango ikiwa imefungwa ina faida gani? Mwandishi wa gazeti la weusi aliyejua habari ile hakuandika chochote, na ulimwengu uliisoma kwa mara ya kwanza mwaka 1996. Swali lao ni la haki. Lakini miezi minne baada ya mechi ile, katika mji uleule wa Durham, Booker T. Spicely, askari mweusi aliyevaa sare ya jeshi la nchi yake, alipigwa risasi na dereva wa basi kufuatia mabishano kuhusu mahali pa kukaa. Dereva aliachiwa huru na mahakama. McLendon alikuwa na roho za vijana mikononi mwake. Mimi simlaumu kwa kufunga mlango. Ningemlaumu kama angeendelea kuufunga siku zote.

Hakuendelea. Mwaka 1954, akiwa kocha wa Tennessee A&I mjini Nashville, timu yake ilialikwa kwenye mashindano huko Kansas City. Alikataa kwenda mpaka wachezaji wake wakubaliwe kulala katika hoteli ya katikati ya mji kama timu nyingine, na akakubaliwa. Baada ya hapo alitwaa ubingwa wa taifa wa NAIA mwaka 1957, 1958 na 1959, mara tatu mfululizo, jambo ambalo hakuna kocha wa chuo aliyekuwa amelifanya kabla yake. Kwa hiyo vikombe alikuwa navyo. Mwaka 1966 akawa kocha mkuu wa kwanza mweusi katika chuo kikuu cha Marekani chenye wanafunzi wengi weupe, Cleveland State, na huko alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Mtu yuleyule, elimu ileile.

Jumba la Heshima la mchezo huo, lenye jina la mwalimu wake Naismith, lilimwingiza mwaka 1979, lakini kwa kundi la waliochangia maendeleo ya mchezo. Kwa sifa ya ukocha aliingizwa mwaka 2016, akiwa amekwisha kufariki miaka 17.

Jopo letu litakutana tena juma lijalo kuamua kati ya waombaji wawili. Nimeomba fomu iongezwe swali moja: katika wachezaji aliowahi kuwafundisha, wangapi walihitimu masomo? Katibu wa jopo amenijibu kwa upole, akitaka kujua swali hilo lipewe alama ngapi.