Unavua kwenye baridi yote hiyo, halafu unamrudisha?

Jamaa wa nyumbani huniuliza Wazungu hufanya nini baridi ikikaza. Wengi hujifungia ndani, huo ndio ukweli. Lakini pita mwezi wa Januari kando ya mto Lea, huku kaskazini mashariki mwa London, utawakuta wanaume wamekaa kwenye viti vya kukunja, chupa ya chai pembeni, kopo la funza miguuni (ndio chambo, msishtuke), macho kwenye kiboya. Saa zinapita. Akimpata samaki anamnasua ndoano, anampima, anampiga picha, anamrudisha majini! Mimi mtoto wa Mwanza nilijisemea: hawa watu hawajawahi kuona njaa.

Kumbe waliiona. Izaak Walton, mfanyabiashara wa London, alichapisha kitabu chake maarufu cha uvuvi mwaka 1653, na safari yake inaanzia Tottenham kuelekea huko huko mto Lea. Humo ameeleza hadi namna ya kumchoma paiki, yule samaki mrefu mwenye meno makali. Siku hizo samaki wa mtoni alikuwa kitoweo kama kwetu.

Sasa sikilizeni ubaguzi wa samaki. Waingereza wamewagawa samaki wa maji baridi (na hapa jina linastahili kabisa) mafungu mawili. Samoni na trauti ni samaki wa mabwana, wenye mito yao na ardhi yao. Waliobaki, kina rochi, paiki na kapi, wameitwa kwa neno lile lile la kitambaa kinachokwaruza. Hao ndio wakawa samaki wa makabwela.

Karne ya 19 reli ikaleta mijini samaki wa baharini wa bei nafuu, na samaki wa mtoni akapungua thamani jikoni. Reli hiyo hiyo ikawapeleka wafanyakazi wa viwandani mitoni siku za mapumziko. Vilabu vyao vya uvuvi vilikutana kwenye baa, na mashindano yao yalimaliza samaki kweli kweli. Mwaka 1878 mbunge wa Sheffield, A. J. Mundella, akafanikisha sheria ya kuwapa samaki hao wa makabwela muda wa kuzaliana. Mpaka leo mito mingi ya Uingereza hufungwa kwa uvuvi huo kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni. Ndiyo maana utamkuta mtu anatetemeka mtoni Februari: msimu unamwishia.

Na kazi yenyewe si ya mchezo. Mwili wa samaki hufuata joto la maji. Yakipoa, anatafuta kina, anatulia, anakula kidogo sana. Mvuvi naye anapunguza: ndoano ndogo, mshipi mwembamba, funza mmoja au wawili. Paiki ndiye hajali sana baridi, anaendelea kuwinda.

Kurudisha samaki kulikuja taratibu, kadiri mito ilivyokuwa inachafuka. Mwaka 1957 wataalamu wa jumba la makumbusho ya viumbe la London waliitangaza sehemu kubwa ya Thames ya hapa jijini kuwa mto uliokufa. Maji taka yaliposafishwa samaki wakarudi, na leo zaidi ya aina 100 zimeonekana humo.

Baada ya 2004 wakaja kwa wingi wahamiaji wa Ulaya Mashariki, ambao kwao kapi ni mlo wa Krismasi. Wakala samaki wao. Manung'uniko yakaanza: wageni wanamaliza samaki wetu! Wimbo huo sisi wageni tunaujua. Mwaka 2010 zikaja kanuni mpya za mitoni: kwa siku paiki mmoja asiyezidi sentimita 65, na samaki wadogo 15 wasiozidi sentimita 20. Kanuni ni nzuri kwa mto, sibishi. Ila waliopiga kelele walisahau mapishi ya Walton.

Mabwana nao walipokuja kwetu walikuja na samaki wao. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta trauti kutoka Uskoti, wakamwagwa kwenye mto Gura, milima ya Aberdare, ili walowezi wapate burudani yao.

Haya yote yalinirudia mwaka 2024, serikali ya Tanzania ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti. Sababu ni ile ile ya Mundella: samaki wazaliane. Lakini mvuvi wa Lea mto ukifungwa anahamia kwenye bwawa, au anakaa nyumbani akisafisha ndoano, mshahara unaingia. Wa Kigoma ziwa likifungwa, ada ya shule ya mtoto inatoka wapi?