Mchuzi wa Nyama wa Unguja Ulitoka Bandarini

Mgeni anayetembezwa kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani hurudi mjini akiamini amekijua chanzo cha mchuzi wa nyama atakaopakuliwa usiku: kisiwa kinaota viungo, basi na chungu kinanukia. Historia haikubaliani naye. Mkarafuu, mti ulioipa Zanzibar jina duniani, asili yake ni visiwa vya Maluku, na uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 tu. Sultani Seyyid Said alipohimiza mashamba makubwa katika miaka ya 1830, watu wa pwani walikuwa wamekula wali na kitoweo kwa karne nyingi. Msafiri Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kufika Mombasa na Kilwa, alieleza wali wa samli uliomiminiwa kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, kando yake pakiwa na achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Karafuu ilichelewa miaka mia tano.

Tena hata leo karafuu haijaingia sana chunguni. Mpishi hutia chembe mbili tatu. Zikizidi, mchuzi unakuwa mchungu na ulimi unakufa ganzi. Kinachoubeba mchuzi ni bizari, yaani uzile, giligilani na manjano vilivyosagwa pamoja. Uzile unapenda ukavu na baridi, hali ya hewa ambayo Unguja yenye masika haina. Ulikuja kwa majahazi ya kaskazi kutoka Kachchh na Gujarat, ukifuatana na nguo. Karafuu yenyewe ilikuwa safarini kwenda nje. Ilichumwa na watumwa, ikapita forodhani, ikapakiwa. Na baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ikawa mnunuzi wake pekee, sehemu kubwa ikiishia kwenye sigara za Indonesia. Zao la namna hiyo ni mali ya hazina kabla ya kuwa kiungo cha jikoni.

Atakayepinga atasema mdalasini, iliki, pilipili manga na hata manjano vinaota kisiwani. Ni kweli, lakini navyo viliingia kwa mlango uleule wa bahari, na kuota kwake hakukuwa sharti la kupikwa. Pingamizi zito zaidi ni hili: kama bizari imetoka India, mchuzi huu si chakula cha Kihindi kilichohamia Unguja? Kulijibu kwa kutaja tui la nazi hakutoshi, maana Malabar nako hupikwa kwa nazi. Afadhali kutazama kazi ya jikoni. Nyama ya ng'ombe yenye mifupa huchemshwa kwanza kwa tangawizi, thomu, chumvi na ndimu mpaka ilainike, na supu yake haimwagwi. Ndipo vitunguu vinakaangwa, bizari inafuata kwa kijiko kimoja au viwili, kisha tungule na mbatata, mazao ya Amerika yasiyojulikana pwani hii kabla ya Wareno. Supu inarudishwa, tui jepesi linatangulia, na tui zito linatiwa mwisho kwa moto mdogo, likikorogwa lisikatike. Viungo hapa vinasindikiza supu; havikusudiwi kuifunika.

Na kuna ushahidi wa watu wenyewe. Makhoja na Mabohora, Waislamu wenye asili ya India, walikula nyama, na bila shaka walichangia jikoni. Lakini wenye nguvu zaidi katika biashara ya karne ya 19 walikuwa Wabanyani, wafanyabiashara Wahindu, akiwemo Jairam Shivji, ambaye nyumba yake ya biashara ilikodi forodha ya Zanzibar kutoka kwa Sultani kwa miaka mingi. Wabanyani ng'ombe hawakumla. Shehena waliyoisimamia ikishuka ilifika kwa wapishi wasio wa dini yao, wakaitia katika nyama ambayo wenye shehena wasingeionja.