Kunakili

Neno hili limetoka Kiarabu, na huko lilianza kwa maana ya kuhamisha: kutoa kitu hapa, kukipeleka pale. Maana hiyo ya kale inawafaa wachoraji wa sura kuliko ile ya mashine za kutoa kopi. Mwaka 1639, mjini Amsterdam, mchoraji Rembrandt aliiona picha ya Baldassare Castiglione, kazi ya Raphael, ikinadiwa. Akaichora upesi kwa kalamu, akaandika kando bei yake: gilda 3,500. (Kumbe jicho lilikuwa mfukoni pia.) Mwaka 1640 akajichora mwenyewe kwa rangi za mafuta, na mkao wa Castiglione ukaonekana humo. Siku hizi jumba la makumbusho la Louvre huruhusu wanaonakili, ila turubai yao isilingane ukubwa na picha ya asili.