Ununuzi wa mashine za michezo ya sarafu zilizotumika

Ununuzi wa mashine za michezo ya sarafu zilizotumika ni shughuli ya kutafuta, kukagua na kununua mashine kubwa za michezo ya video ambazo zamani ziliwekwa katika kumbi za starehe, baa, migahawa na maduka. Mchezaji alitumbukiza sarafu ndipo mchezo uanze. Mashine hizo zilitengenezwa kwa wingi hasa nchini Marekani na Japani kuanzia miaka ya 1970, na leo nyingi ziko mikononi mwa wakusanyaji binafsi.

Biashara hiyo haina orodha rasmi ya bei. Mashine mbili za mchezo uleule zinaweza kupishana bei mara kadhaa kutokana na hali ya skrini, uhalisi wa vipuri na mahali zilipo. Kwa mkusanyaji mpya, bei ya haki si ile ndogo kuliko zote bali ni ile inayolingana na kitu chenyewe baada ya kuhesabu matengenezo na usafiri.

Historia

Computer Space ya mwaka 1971 ndiyo mashine ya kwanza ya mchezo wa video wa sarafu kutengenezwa kwa ajili ya soko. Iliundwa na Nolan Bushnell na Ted Dabney, ambao mwaka uliofuata kampuni yao ya Atari ilitoa Pong. Space Invaders ya Taito (1978), Asteroids ya Atari (1979), Pac-Man ya Namco (1980) na Donkey Kong ya Nintendo (1981) zilieneza michezo hiyo duniani.

Nchini Marekani mashine nyingi hazikuwa mali ya mwenye baa au duka. Zilimilikiwa na wafanyabiashara waliozisambaza sehemu mbalimbali na kugawana mapato na wenye maeneo. Biashara ilipodorora kuanzia mwaka 1983 hivi, wafanyabiashara hao hawakutupa makabati yenye michezo iliyopitwa na wakati. Waliondoa bodi ya mchezo wa zamani, wakaweka mpya, wakapaka rangi juu ya michoro na kubadilisha bango la juu. Nintendo yenyewe ilikuwa imefanya hivyo mwaka 1981, ilipogeuza mashine za Radar Scope zilizokosa wateja Marekani kuwa Donkey Kong. Makabati mekundu ya awali yaliyotokana na mageuzi hayo sasa hutafutwa sana.

Kazi ya kugeuza mashine ilirahisishwa na JAMMA, mpangilio wa pamoja wa nyaya ulioanzishwa na chama cha watengenezaji wa Japani mwaka 1985. Kwa mpangilio huo, kabati moja huweza kupokea bodi za michezo mingi tofauti. Street Fighter II ya Capcom (1991) ilirudisha wachezaji kumbini kwa muda, lakini michezo ya nyumbani ilizidi kuimarika. Kila ukumbi uliofungwa uliingiza mashine zake katika soko la vitu vilivyotumika.

Aina za mashine

Kosa la kawaida la mnunuzi mpya ni kulipa bei ya aina moja ya mashine na kupewa aina nyingine. Aina kuu ni nne.

Mashine halisi ina kabati, bodi, skrini na michoro ya mchezo uliotoka nao kiwandani. Bamba la namba nyuma ya kabati husaidia kuthibitisha jambo hilo. Thamani yake kwa kawaida ndiyo kubwa zaidi.

Mashine iliyogeuzwa ilianza na mchezo mmoja ikaishia na mwingine. Hufaa kwa kuchezwa na huwa nafuu, ila haistahili bei ya mashine halisi. Dalili zake ni matundu ya vitufe yaliyozibwa, rangi nyeusi iliyopakwa juu ya michoro ya ubavuni na umbo la kabati lisilolingana na mchezo.

Mashine iliyokarabatiwa imepewa michoro mipya, rangi mpya na vipuri vipya. Ubora wa kazi hiyo hutofautiana sana, na rangi inayong'aa haithibitishi kwamba nyaya na skrini vimeguswa.

Mashine ya kisasa au ya kunakili huonekana kama ya zamani lakini sivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Namco ilitoa mashine iliyounganisha Ms. Pac-Man na Galaga, nayo mara nyingine huuzwa kana kwamba ni ya mwaka 1981. Kuna pia makabati yenye bodi ndogo ya michezo mingi ndani yake, na tangu mwaka 2018 kampuni ya Arcade1Up huuza mashine ndogo za nyumbani. Zote ni bidhaa halali, ila bei zake hazilinganishwi na za mashine za zamani.

Mambo yanayoamua bei

Umaarufu wa mchezo mara nyingi huwa na uzito kuliko uchache wa mashine. Ms. Pac-Man ilitengenezwa kwa wingi sana, lakini bado ina wanunuzi wengi kwa sababu watu wanaikumbuka. Mchezo adimu usiojulikana unaweza kuuzwa kwa bei ndogo, isipokuwa wakusanyaji wazoefu wanaugombania.

Aina ya skrini nayo ina athari kubwa. Mashine nyingi za zamani hutumia skrini ya chogo, kama televisheni za zamani. Baadhi, kama Asteroids na Tempest (1981), hutumia skrini ambazo mwali wake huchora mistari moja kwa moja badala ya kujaza nukta. Skrini za rangi za aina hiyo ni vigumu kupatiwa vipuri, na mafundi wanaozijua ni wachache.

Mambo mengine ni uimara wa mbao za kabati, uzima wa michoro ya awali, ukamilifu wa vipuri vidogo kama mlango wa sarafu na funguo, na umbali wa mashine kutoka kwa wanunuzi.

Mahali pa kununua

Matangazo ya watu binafsi katika tovuti kama Craigslist, eBay na Facebook Marketplace ndiyo njia ya kawaida Marekani. Mnunuzi aliye karibu ana faida, kwa kuwa anaweza kwenda kuiona mashine na kuibeba mwenyewe. Wauzaji wengine ni familia zinazohama nyumba au kurithi mali, na hutaka nafasi kuliko faida.

Wafanyabiashara wa zamani wa mashine za sarafu wakati mwingine bado wana ghala la mashine zisizofanya kazi. Kununua kadhaa kwa pamoja hushusha bei ya kila moja, lakini humpa mnunuzi kazi nyingi ya ufundi.

Minada ina mashine nyingi kwa siku moja, lakini muda wa ukaguzi ni mfupi na kwa kawaida bidhaa hairudishwi. Nyumba nyingi za mnada huongeza ada juu ya bei ya mwisho, hivyo mnunuzi hujiwekea kikomo kinachojumuisha ada hiyo kabla ya kupandisha dau.

Maduka ya wataalamu hutoza bei kubwa zaidi. Kwa malipo hayo mnunuzi mara nyingi hupata mashine iliyopimwa, dhamana ya muda na huduma ya kuifikisha nyumbani. Kwa asiye na ujuzi wa umeme, tofauti hiyo inaweza kuwa ndogo kuliko gharama ya matengenezo.

Makabati ya Japani huagizwa kwa makontena na kugawanywa na waagizaji. Yametengenezwa kwa umeme wa volti 100, hivyo huhitaji transfoma katika nchi zenye volti 220 hadi 240, zikiwemo Tanzania na Kenya.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Wakusanyaji wazoefu hupendelea kuikuta mashine ikiwa imezimwa na baridi, kwa kuwa baadhi ya hitilafu hujitokeza inapowashwa mara ya kwanza tu, na nyingine baada ya kupata joto. Mambo yanayokaguliwa ni haya:

- Skrini: Picha iwe imara na yenye rangi zote. Mchezo mmoja ukionyeshwa kwa miaka mingi huunguza alama zake kwenye kioo. Katika baadhi ya mashine za Pac-Man vichochoro vya mchezo huonekana hata skrini ikiwa imezimwa, na alama hizo hazifutiki.
- Bodi: Betri zilizovuja hula njia za shaba. Tatizo hilo ni la kawaida katika mashine za Williams za mwanzoni mwa miaka ya 1980, kama Defender. Bodi za Capcom za CPS-2, zilizoanza mwaka 1993, hutunza funguo za programu kwa nguvu ya betri, na betri ikiisha mchezo haufanyi kazi mpaka bodi irekebishwe.
- Kabati: Sehemu ya chini hukaguliwa kwanza, kwa sababu chipubodi iliyolowa maji hufura na kumeguka.
- Nyaya: Nyaya zilizokatwa na kuungwa ovyo, au fyuzi iliyobadilishwa kwa kipande cha waya, ni dalili ya matengenezo mabaya na hatari ya moto.
- Vidhibiti na sauti: Kila kitufe, joistiki na spika hujaribiwa kwa kucheza mchezo wenyewe.

Kukadiria bei ya haki

Bei zinazotangazwa huonyesha matumaini ya muuzaji. Kipimo bora ni bei ambazo mashine za hali ileile zimeshauzwa. Tovuti ya eBay huruhusu kuchuja mauzo yaliyokamilika, na matokeo ya minada nayo husaidia.

Baada ya hapo mnunuzi hujumlisha bei, matengenezo na usafiri. Kwa mfano wa hesabu tu, mashine mbovu ya dola 500 inayohitaji skrini ya dola 300, ukarabati wa bodi wa dola 150 na usafiri wa dola 200 itamgharimu dola 1,150. Mashine nzima ya mchezo huohuo inayouzwa dola 1,000 mtaa wa pili ni nafuu kuliko hiyo.

Muuzaji anaposema kuwa tatizo ni fyuzi tu, wakusanyaji hujiuliza kwa nini hakuibadilisha. Mashine isiyowaka hulipiwa bei ya mashine mbovu, hata kama hitilafu inasemekana kuwa ndogo. Kasoro zilizoonekana wakati wa ukaguzi hutumika kupatana bei kwa uwazi.

Usafirishaji na usalama

Mashine ya kusimama mara nyingi huzidi kilo 100, hivyo hubebwa na watu wawili au zaidi kwa toroli na mikanda. Upana wa milango na ngazi hupimwa kabla ya malipo.

Hatari kubwa zaidi iko ndani. Skrini ya chogo hutumia umeme wa zaidi ya volti 10,000, na chaji inaweza kubaki baada ya mashine kuchomolewa. Asiyejua kuiondoa chaji hiyo hapaswi kugusa sehemu za skrini, bali amwachie fundi wa televisheni za zamani.

Uhifadhi

Programu ya MAME, iliyotolewa mwaka 1997, iliwezesha michezo ya zamani kuchezwa kwenye kompyuta. Baadhi ya wapenzi walianza kung'oa vipuri vya makabati halisi ili kuweka kompyuta ndani. Wakusanyaji wengi hupinga kufanya hivyo kwa mashine nzima, kwa kuwa skrini na bodi za awali hazitengenezwi tena, na hushauri kutumia kabati lililokwisha kuharibiwa au jipya. Taasisi kama American Classic Arcade Museum huko Laconia, New Hampshire, na makumbusho ya The Strong huko Rochester, New York, huhifadhi mashine halisi. Hata hivyo sehemu kubwa ya mashine zilizobaki imo nyumbani kwa watu, na kudumu kwake hutegemea uangalifu wa wamiliki hao.