Jina la chama katika habari, toka MPR hadi leo

Wakati wa Mobutu, redio haikuwa na sababu ya kutaja chama cha kiongozi. MPR ilianzishwa mwaka 1967, na baadaye kila Mzaire akahesabiwa mwanachama, hata mtoto mchanga. Kutaja chama ilikuwa sawa na kusema mtu ana pua.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na jina la chama likawa habari. Mfano ni Vital Kamerhe: aliongoza bunge la taifa akiwa mtu wa PPRD, akajiuzulu 2009, akaanzisha UNC 2010, akagombea uraisi 2011 dhidi ya Joseph Kabila. Kumtaja bila chama wala mwaka ni kumpoteza msikilizaji.

Chifu akitangaza kipindupindu kambini, chama chake hakisaidii kitu. Lakini mbunge akigawia wakimbizi wa ndani unga karibu na uchaguzi, chama kitajwe, hata asipopenda.

CNDP ni jambo gumu zaidi. Lilikuwa kundi la silaha; mapatano ya Goma ya tarehe 23 Machi 2009 yalikubali ligeuke chama cha siasa. Redio ikisema tu "mwanasiasa wa CNDP", familia iliyokimbia Rutshuru mwaka 2008 inapewa nusu ya habari.