Azaria Mbatha: Kutoka Wodi ya Kifua Kikuu hadi Stockholm

Kanisa la mawe la Spånga, kaskazini-magharibi mwa Stockholm, lina michoro ya ukutani ya Zama za Kati. Michoro ya namna hiyo iliwasimulia Biblia waumini ambao wengi wao hawakujua kusoma. Tunajua ilivyowafaa watazamaji, lakini hatuna habari ilimfanyia nini mchoraji mwenyewe. Swali hilo linajibika zaidi kwa Mwafrika mmoja aliyesimulia Biblia kwa picha, akasomea Stockholm na kuishi Uswidi: Azaria Mbatha.

Mbatha alizaliwa mwaka 1941 huko Mahlabathini, katika nchi ya Wazulu, Afrika Kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alilazwa katika hospitali ya misheni ya Ceza akiugua kifua kikuu. Hapo alikutana na Peder Gowenius, ambaye pamoja na mkewe Ulla alikuwa amehitimu Konstfack, chuo cha sanaa cha Stockholm. Kazi yao ilikuwa kufundisha sanaa na kazi za mikono zitakazowafaa wagonjwa.

Wazo hilo halikuzuka Ceza. Mchoraji wa Kiingereza Adrian Hill, naye mgonjwa wa kifua kikuu, ndiye aliyelipa jina la tiba ya sanaa mwaka 1942. Ugonjwa huo ulimlaza mtu miezi mingi, mbali na jamaa zake. Dawa zilitibu mapafu, lakini hazikuwa na la kufanya kuhusu upweke.

Wahenga husema mgonjwa haulizwi uji. Wodini wengine humwamulia kila kitu. Mbatha alipopewa kipande cha linoliamu na kisu cha kuchongea, uamuzi ulirudi mikononi mwake. Kazi hiyo haitaki haraka: panapochongwa hubaki peupe, panapoachwa hupokea wino, na picha hutoka imegeuzwa kushoto kulia. Aliyekosea hawezi kufuta. Mkono hulazimika kungoja akili.

Alichokichonga kinaonyesha alikuwa akijitafuta. Picha za Biblia zilizoletwa na wamisionari zilijaa nyuso za Kizungu. Mbatha aliwachonga watu wa Biblia wakiwa Waafrika, akasimulia habari za Yusufu aliyeuzwa na nduguze, na za Daudi aliyemwangusha Goliathi. Chini ya ubaguzi wa rangi, Mwafrika kujiona ndani ya kitabu kitakatifu lilikuwa jambo la utu kabla ya kuwa la sanaa.

Mwaka 1965 hadi 1967 alisoma Konstfack. Alirudi kufundisha Rorke's Drift, kituo kilichoanzishwa na akina Gowenius, kisha mwaka 1969 akahamia Uswidi. Aliishi Lund hadi kufariki mwaka 2018.

Siku hizi uchoraji huuzwa kama njia ya kupata utulivu, na pengine ni kweli. Lakini Mbatha hakutulia kwa maana ya kusahau. Kumbukumbu za maisha yake, alizozichapisha mwaka 2005 akiwa Uswidi kwa miaka 36, bado zinarudi nyumbani. Sanaa haikumwondolea jeraha la kuondoka kwao. Ilimpa namna ya kulitazama na kulitaja kwa jina. Wasomaji wa gazeti hili mnaoishi mbali na kwenu mtaona kwamba huo nao ni uponyaji.